Ubavu wa tairi na historia ya maneno "hii haimo kwenye waranti"

Kuna sentensi moja ambayo kila anayemiliki gari mjini ataisikia mapema au baadaye: "Bosi, hii haimo kwenye waranti." Inasemwa kwa upole, wakati mwingine hata kwa tabasamu, na mara nyingi inasemwa mbele ya tairi jipya lililoota nundu ubavuni. Rafiki yangu mmoja aliambiwa hivyo katika duka moja hapa Dar es Salaam. Tairi lilikuwa na miezi minne tu, kashata zake bado nene, vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado havijaisha. Ubavuni lilikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai. Muuzaji aliinama, akaupapasa, akasema ni shimo la barabarani, akasimama. Kesi ikawa imekwisha hapo.

Kwa kuwa marafiki wa waandishi wa habari hudhani sisi tunajua kila kitu, jamaa akaniuliza: je, ni haki? Nikaanza kusoma nikitafuta jibu la aya moja. Nimejikuta ndani ya historia ya zaidi ya miaka mia, yenye mahakama, vifo, viwanda vilivyofungwa na sheria zilizoandikwa baada ya misiba. Leo naomba ndugu msomaji tuipitie pamoja, kwa sababu naamini ndani yake kuna jambo ambalo sisi wa huku tunalikosa.

Tuanze na ubavu wenyewe. Tairi lina sehemu tatu za kukumbuka. Kuna kashata, pale juu panapokanyaga lami. Kuna ukingo wa ndani wenye waya nene, unaobana kwenye rimu. Na katikati ya hizo mbili kuna ubavu, ule ukuta wenye maandishi. Chini ya kashata mmetandikwa mikanda ya waya za chuma. Ubavuni, kwenye matairi mengi ya magari madogo, hakuna mikanda hiyo. Kuna tabaka moja au mawili ya nyuzi, siku hizi mara nyingi za poliesta, zilizofunikwa kwa mpira. Basi. Kati ya upepo wa ndani na dunia ya nje kuna milimita chache tu.

Na ukuta huo haupumziki. Tairi la kawaida la 195/65R15 lina mzingo wa kama mita mbili. Maana yake ni kwamba linazunguka takribani mara 500 kwa kila kilomita, na katika kila mzunguko kila sehemu ya ubavu inapinda inapofika chini na kunyooka inapoondoka. Safari ya Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 190. Piga hesabu: ubavu umepinda na kunyooka karibu mara 95,000 kabla hujashuka kununua machungwa.

Sasa gari likiingia kwenye shimo lenye kingo kali, au likipanda ukingo wa barabara kwa mwendo, ubavu unabanwa kati ya kingo hiyo na rimu kama kidole kati ya mlango na fremu yake. Mpira unavumilia. Nyuzi za ndani zinakatika. Kwa nje huenda usione hata mkwaruzo. Lakini pale nyuzi zilipokatika hakuna tena kinachozuia upepo, na upepo unausukuma mpira nje. Hiyo ndiyo nundu. Inaweza kutokea saa ile ile, inaweza kujitokeza baada ya siku kadhaa, ndiyo maana wengi hawaukumbuki mgongano wenyewe na wanaapa kwamba tairi "limevimba lenyewe".

Usichanganye nundu na bonde. Matairi mengi yana mstari uliobonyea kidogo ubavuni, kutoka ukingo wa ndani kwenda kwenye kashata. Hapo ndipo tabaka la nyuzi linapopandana lilipoungwa kiwandani. Kwenye maungio nyuzi ni nyingi zaidi, hivyo hazivutiki sana, na panabonyea. Huo si ugonjwa. Kilichobonyea kina nyuzi za ziada. Kilichovimba kimepoteza nyuzi.

Na ndiyo sababu ubavu haupigwi kiraka. Miongozo ya watengenezaji inakubali kuziba tundu lililo kwenye kashata tu, na lisizidi kipenyo cha milimita 6. Mafundi wetu wa pancha ni wabunifu, wanaweza kuushona ubavu, kuubandika kipande cha tairi kuukuu kwa ndani na kutia tyubu juu yake. Naheshimu ubunifu. Lakini uzi uliokatika hauungiki kwa gundi mahali panapopinda mara 500 kwa kilomita.

Kwa nini basi ubavu ulifanywa mwembamba hivyo? Hapa ndipo historia inapoanza.

Tairi la upepo limevumbuliwa mara mbili. Robert William Thomson, Mskoti, alipata hataza yake mwaka 1845, wakati hakukuwa na gari wala baiskeli ya kulitumia vizuri, na likasahaulika. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akapata hataza ya tairi la upepo baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya mwanawe. Baadaye hataza yake ikabatilishwa, kwa sababu Thomson alikuwa ametangulia. Lakini biashara ilikuwa imeshaanza.

Kwa miongo mingi tairi la gari lilijengwa kwa matabaka ya nyuzi yaliyokatizana kishoroba, moja huku na jingine kule, kutoka ukingo mpaka ukingo. Matabaka yale yale yaliyopita chini ya kashata yalipita pia ubavuni. Kwa hiyo tairi zima lilikuwa kitu kimoja kigumu. Ubavu ulikuwa mnene, lakini kashata ilikuwa ikisuguana na lami kila ubavu ulipopinda, ikapata joto na kuisha haraka.

Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ikaandikisha hataza ya tairi la aina nyingine, lililoingia sokoni mwaka 1949. Nyuzi za mwili hazikukatizana tena. Zilikwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kama miale inayotoka katikati ya gurudumu, na juu yake, chini ya kashata tu, ikawekwa mikanda ya chuma. Hilo ndilo tairi la radial, na herufi R katikati ya 195/65R15 inatokana nalo. Kashata ikawa imara, ubavu ukaachwa uwe laini upinde utakavyo. Matokeo yake tairi likadumu zaidi, likashika barabara vizuri zaidi na likapunguza mafuta. Dunia nzima ikahamia huko.

Kwa hiyo ubavu mwembamba si ulaghai wa kiwanda. Ni makubaliano: tumepata maisha marefu ya kashata, tumelipa kwa wembamba wa ubavu. Swali linalobaki ni hili: ubavu huo ukishindwa, gharama ni ya nani? Makubaliano ya kihandisi yalifanyika maabara. Makubaliano ya gharama yalifanyika mahakamani na kwenye karatasi zenye maandishi madogo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mtengenezaji wa gari alikuwa salama kabisa. Sheria za Uingereza na Marekani zilimwona mnunuzi kuwa na mkataba na muuzaji wa dukani, si na kiwanda. Gari likikuua, kiwanda kingesema: sikujui. Mwaka 1916 Mahakama ya Rufaa ya New York ikaamua kesi ya MacPherson dhidi ya Buick. Gurudumu la gari lilikuwa na njiti za mbao mbovu, likavunjika, dereva akaumia. Buick ilijitetea kwamba haikuna mkataba naye, tena gurudumu lenyewe ilikuwa imelinunua kwa kampuni nyingine. Jaji Benjamin Cardozo akaandika kwamba kitu ambacho kikitengenezwa kwa uzembe kitahatarisha maisha, aliyekitengeneza anawajibika kwa atakayekitumia, mkataba uwepo usiwepo. Nakuomba uone kwamba mlango huo wa haki ulifunguliwa na gurudumu.

Viwanda navyo havikulala. Vikajifunza kuandika. Katikati ya karne vilikuwa na hati moja ya waranti iliyokubaliwa na chama chao, na waliokuwa chini ya hati hiyo walitengeneza zaidi ya asilimia 90 ya magari madogo ya Marekani. Hati ilisema kiwanda kitabadilisha kipuri kibovu ndani ya siku 90 au maili 4,000 (kama kilomita 6,400), na zaidi ya hapo hakuna ahadi nyingine yoyote. Na ndani ya mabano, ilipotaja vifaa vilivyomo kwenye ahadi, ilisema: isipokuwa matairi. Ndiyo. Tangu wakati huo tairi lilikuwa nje ya mabano ya gari lako.

Hati hiyo ilifikishwa mahakamani katika kesi ya Henningsen dhidi ya Bloomfield Motors. Mume alimnunulia mkewe gari jipya aina ya Plymouth. Baada ya siku kumi usukani ukashindwa, gari likagonga ukuta. Mwaka 1960 Mahakama Kuu ya New Jersey ikakataa utetezi wa maandishi madogo yaliyokuwa nyuma ya mkataba. Ilisema mnunuzi hakuwa na nafasi ya kujadiliana, kila kiwanda kina karatasi ile ile, huwezi kwenda kwa jirani ukapata masharti mengine, na sheria haiwezi kumuacha mtu hivyo.

Mwaka 1975 ikaja sheria ya waranti ya Marekani, Magnuson-Moss. Haikulazimisha kiwanda kutoa waranti. Ilisema ukiitoa kwa maandishi, iandike kwa lugha inayoeleweka, useme wazi kama ni kamili au yenye mipaka, na usiitumie kufuta haki ambazo sheria yenyewe inampa mnunuzi. Ndiyo maana kijitabu cha tairi la kampuni kubwa hukuambia tangu kichwa cha habari kwamba waranti ni yenye mipaka.

Mipaka yenyewe ni ipi? Kwa kampuni nyingi ni hii: waranti inagharimia kasoro ya malighafi au ya utengenezaji. Haigharimii madhara ya barabara, yaani shimo, jiwe, msumari, ukingo, wala upepo mdogo, wala mzigo uliozidi. Na hata ikigharimia, tairi likiwa limeshatumika mara nyingi hupewi jipya bure. Unapunguziwa bei kulingana na kashata zilizobaki.

Kwa karatasi, huo ni mgawanyo wa haki. Kiwanda hakikuchimba shimo la mtaani kwako, kwa nini kilipe? Na niseme ukweli kwa faida ya wauzaji: nundu nyingi kweli ni za mashimo. Mkaguzi akilivua tairi na kuliangalia kwa ndani anaweza kuona alama ya mbano, mara nyingi na rimu nayo imepinda mahali pale pale. Lakini zipo nundu zinazotokana na nyuzi zilizoungwa vibaya kiwandani, na hizo ni deni la kiwanda. Tofauti iko ndani ya tairi. Muuzaji anayepapasa kwa nje, bila kulivua, hajakagua. Amekisia. Na anayekisia ni upande ule ule unaotakiwa kulipa.

Hapo ndipo nilipofika nikadhani nimemaliza. Kumbe sehemu yenyewe ilikuwa inakuja.

Katika miaka ya 1970 kampuni ya Firestone ya Marekani iliingia haraka kwenye matairi ya radial ili isiachwe nyuma. Tairi lake liliitwa Firestone 500. Mikanda ya chuma ilikuwa ikiachana na mpira, kashata ikabanduka gari likiwa kwenye mwendo. Wateja walipolalamika, kampuni ilisema wanajaza upepo mdogo, wanabeba mizigo kupita kiasi, wanagonga kingo za barabara. Unaisikia ile sauti? Ni ile ile ya dukani kwetu. Lakini ndani ya kampuni, tangu 1972, kulikuwa na barua ya mkuu wa maendeleo ya matairi ikionya kuhusu ubora wa tairi hilo. Na kulikuwa na kitu kingine: rekodi za waranti. Firestone 500 yalikuwa yakirudishwa madukani kwa kiwango kikubwa kuliko ya washindani. Mteja mmoja mmoja aliambiwa kosa ni lake, huku jumla ya wateja ikisema vingine. Mwaka 1978 matairi takribani milioni 14.5 yakarudishwa kiwandani kwa shinikizo la serikali, na mwaka 1988 Firestone ikanunuliwa na Bridgestone ya Japani.

Ungedhani wamejifunza. Haya, sikiliza.

Miaka ya 1990 Firestone ilikuwa ikitengeneza matairi ya gari la Ford Explorer. Ford ilipendekeza upepo wa paundi 26, na baadaye Firestone ikapendekeza 30. Anayejua tairi anajua maana yake: upepo ukipungua ubavu unapinda zaidi, ukipinda zaidi unazalisha joto, na joto ndilo linaloachanisha mpira na chuma. Kashata zikaanza kubanduka, Explorer zikapinduka.

Mwaka 1998 mfanyakazi wa kampuni ya bima ya State Farm aliona kwenye madai ya wateja matukio 21 yanayofanana, akaliarifu shirika la serikali la usalama wa magari, NHTSA. Halikufanya kitu. Wakati huo huo malalamiko yalikuwa yanatoka nchi za Ghuba, ambako joto la barabara linalitesa tairi kuliko mahali pengi, na ambako wengi wetu tuna ndugu kuanzia Muscat mpaka Dubai. Firestone haikukubali kwamba tairi lina kasoro. Ilitaja ukali wa barabara, upepo mdogo na pancha zilizozibwa vibaya. Agosti 1999 Ford ikaamua kubadilisha matairi hayo Saudi Arabia na nchi jirani kwa gharama yake. Haikuwaambia wakubwa wa usalama wa Marekani, kwa sababu sheria haikuidai ifanye hivyo. Mtu wa Riyadh akabadilishiwa tairi mwaka mmoja kabla ya mtu wa Houston.

Februari 2000 kituo cha televisheni cha KHOU cha Houston kikarusha habari ya vifo hivyo. Simu zikamiminika. Mei, NHTSA ikaanza uchunguzi. Hatimaye Firestone ikakabidhi rekodi zake za madai, na watu wa Ford walipozipanga kwenye kompyuta picha ikajichora yenyewe: matairi ya inchi 15 ya aina fulani, na mengi ya mabaya yakitoka kwenye kiwanda cha Decatur, Illinois. Tarehe 9 Agosti 2000 Firestone ikatangaza kurudisha matairi milioni 6.5. Hesabu ya NHTSA ilifika vifo 271 na majeruhi zaidi ya 800. Mwaka 2001 ushirikiano wa Ford na Firestone ulivunjika baada ya karibu karne nzima, na Desemba mwaka huo kiwanda cha Decatur kikafungwa.

Niseme wazi: Firestone zote mbili zilikuwa kesi za kashata kubanduka, si za nundu ubavuni. Lakini ugomvi ni ule ule, kasoro ya kiwanda au kosa la mteja, na namna ulivyoamuliwa ndiyo inayonihusu. Haukuamuliwa kwa kuliangalia tairi la mtu mmoja. Mtu mmoja na tairi lake hana ushahidi, daima ataambiwa aligonga shimo. Uliamuliwa kwa kuhesabu. Madai yaliyokaa kwenye makabati, kila moja likionekana dogo na la kijinga, yalipowekwa pamoja yalitamka jina la kiwanda.

Wamarekani walilielewa hilo. Tarehe 1 Novemba 2000 Rais Clinton alisaini sheria iitwayo TREAD Act. Kampuni ikibadilisha bidhaa nje ya nchi kwa sababu ya usalama, sasa lazima iiarifu NHTSA ndani ya siku tano za kazi. Magari mapya yakatakiwa kuwa na kifaa cha kumwonya dereva upepo ukipungua, ile taa ya njano yenye alama ya mshangao ambayo kwenye magari mengi ya mjini inawaka mwaka mzima na hakuna anayeijali. Na kanuni zilizofuata mwaka 2002 ziliwataka watengenezaji wakubwa wa matairi kuripoti kila robo mwaka madai ya vifo, majeruhi, uharibifu wa mali, pamoja na idadi ya matairi yaliyolipiwa chini ya waranti. Ripoti hiyo inagawanya tatizo kwa sehemu: kashata, ukingo wa rimu, na ubavu. Kwa mara ya kwanza ubavu ukapata safu yake katika daftari la serikali.

Jambo jingine ni dogo lakini nalipenda. Wakati wa zoezi la mwaka 2000 namba ya utambulisho ya tairi, inayoanza na herufi DOT, iliandikwa kamili upande mmoja tu, na mara nyingi upande huo ulikuwa umeelekea chini ya gari. Watu walilazimika kutambaa uvunguni kujua kama tairi lao ni miongoni mwa yanayoua. Kanuni mpya zikataka namba kamili iwe upande uliokusudiwa kuangalia nje, na sehemu ya namba iwe upande wa pili. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ubavu dhaifu ndio uliopewa kazi ya kubeba ushahidi.

Sasa turudi nyumbani, maana historia isiyorudi nyumbani ni ngano tu.

Kulikuwa na wakati ambapo tairi lililokushinda lilikuwa na mlango wa kupelekwa. General Tyre East Africa ilianzishwa Arusha mwaka 1969, Serikali ya Tanzania ikiwa na hisa nyingi pamoja na mwenza wa kigeni. Mwaka huo huo Nairobi ikaanzishwa Firestone East Africa, ambayo baadaye ikawa Sameer Africa, waliotengeneza matairi ya Yana. Arusha uzalishaji ulisimama kabla miaka ya 2000 haijaisha. Nairobi kiwanda kilifungwa mwaka 2016. Leo tairi unalonunua mjini limevuka bahari, na kati yako na aliyelitengeneza kuna mwenye duka, muuzaji wa jumla na mwagizaji. Tumerudi kinamna kule kabla ya 1916, pale kiwanda kiliposema: sikujui.

Lakini sheria hatujaikosa. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, na ya Kenya pia, imetokana na ile ya Uingereza ya mwaka 1893, yenye kanuni kwamba mfanyabiashara akikuuzia kitu, kinatakiwa kifae kwa kazi yake hata kama hakuna aliyeandika hivyo. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, yenye sehemu nzima ya kumlinda mlaji. Kenya ina ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 na sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012. Tunachokosa ni ile hesabu. Tairi likiota nundu tunalaumu shimo, tunalaumu mkandarasi, tunatafuta la mtumba, maisha yanaendelea. Hakuna dai lililoandikwa, hivyo hakuna cha kuhesabu. Kama kuna kontena la matairi mabovu lililoingia bandarini kwetu, kila mwenye tairi lake amekaa peke yake akidhani aligonga shimo.

Kwa hiyo, jibu langu kwa rafiki yangu lilikuwa refu kuliko alivyotaka. Kwanza, nundu ikionekana, tairi hilo litoke kwenye gari leo, si mwisho wa mwezi. Lisihamishiwe nyuma, lisifanywe la akiba. Pili, piga picha ubavu, rimu na namba ya DOT yote, tafuta risiti. Tatu, omba tairi livuliwe na liangaliwe kwa ndani, na wewe ukiwepo. Kama kuna alama ya mbano na rimu imepinda, kubali yaishe, ni shimo. Kama hakuna, dai lako lina miguu. Nne, ukikataliwa, omba kukataliwa huko kuandikwe: tarehe, namba ya tairi, sababu. Utashangaa jinsi uhakika wa mtu unavyopungua akiombwa auandike. Tano, kabla ya kununua tairi lijalo soma zile tarakimu nne za mwisho, kisha uliza kwa mdomo: ubavu ukipasuka mnafanyaje? Baadhi ya wauzaji duniani huuza ulinzi wa ziada wa madhara ya barabara. Wa kwako huenda hana. Lakini muulize, ili ajue kuna wanaouliza.

Rafiki yangu alinunua tairi jingine. Sikumlaumu, alikuwa na kazi ya kwenda. Ila aliporudi kwa muuzaji kuomba sababu ya kukataliwa iandikwe, aliambiwa hawana fomu ya jambo hilo, hakuna mtu aliyewahi kuomba. Nimekaa na jibu hilo kwa siku kadhaa. Watu 21 kwenye faili la State Farm nao walionekana wachache, na walihesabika kwa sababu moja tu: kila mmoja wao alikuwa ameacha karatasi.